Waya mmoja kutoka sebuleni kwa mzee mpaka ghorofa ya juu

Intaneti ya nyumbani kwetu inaingilia chini, sebuleni kwa mzee, na mi nalala juu kabisa. Nyumba ipo Ilazo hapahapa Dodoma, chini wanakaa mzee na mama, ghorofa ya kwanza dada na mwanae, ya pili mimi na mdogo wangu anayesoma UDOM. Jamaa wa faiba walipokuja kufunga walichagua kona ya sebule karibu na TV kwasababu ndo dirisha lililo karibu na nguzo, wakagonga kiboksi chao ukutani, wakaacha ruta moja yenye antena mbili, wakasepa. Tangu siku hiyo nyumba ya watu sita ikawa inategemea ruta iliyowekwa pale ilipowarahisishia wao kazi.

Chini hakukuwa na shida. Mzee anaangalia taarifa ya habari kwenye simu yake vizuri tu. Kwa dada waifai inafika ila inayumba. Kwetu juu ndo balaa, unaliona jina la mtandao, unaunganisha, simu inakwambia umeunganishwa, afu ukurasa unazunguka weee mpaka unaacha mwenyewe unawasha bando la simu. Yani mnalipia faiba kila mwezi na bado juu tunanunua vocha.

Ngazi zikawa ofisi. Pale zinapogeukia kati ya chini na ghorofa ya kwanza waifai ilikuwa inashika kuliko chumbani kwa dada, kwahiyo aliweka kigoda chake pale, maana anafanya hesabu za biashara za watu wa Dar akiwa nyumbani na kila asubuhi saa tatu ana kikao mtandaoni. Mdogo wangu anakaa vidato viwili juu yake na laptopu mapajani. Mama akipanda na beseni la nguo za kuanika inabidi wote wasimame wampishe. Siku moja nimerudi mchana nikamkuta dada kwenye kigoda kile analia kimyakimya, mtoto kamlalia begani, kikao kimekatika mara ya tatu na mteja kamwandikia kwamba atatafuta mtu mwingine. Nikamwambia dada nipe wiki mbili, hii kitu naimaliza.

Nikaanza kwa kupima, kwasababu ukianza kununua vitu kabla hujapima unatupa hela. Kifurushi chetu ni megabiti 20 kwa sekunde. Laptopu ikiwa pembeni ya ruta napata 19. Chumbani kwa dada 6, na inashuka mpaka 2 mlango ukifungwa. Juu kwetu 1, saa nyingine haifiki hata hiyo. (Hizo ni megabiti jamani, sio megabaiti, ukitaka kujua faili litashuka kwa kasi gani gawanya kwa 8, kwahiyo megabiti 20 ni megabaiti mbili na nusu kwa sekunde. Nimeshaona watu wanagombana na watoa huduma kwa kuchanganya hivi vitu viwili.)

Kwanini inapotea njiani? Slebu. Waifai ni mawimbi ya redio, na kati ya chini na juu kwetu kuna slebu mbili za zege lenye wavu wa nondo ndani. Zege linameza mawimbi, chuma kinayarudisha yalikotoka. Afu antena za ruta zikisimama wima zinatupa mawimbi zaidi kwa pembeni kuliko juu na chini, kwahiyo nyumba pana ya chini inafaidi, nyumba ndefu ya kwenda juu inaumia. Nililaza antena moja ikawa kama kalamu iliyowekwa mezani, kwa dada ikapanda kutoka 6 mpaka 9, bure kabisa, jaribu hiyo kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Na kama ruta yako inatoa mitandao miwili, ule wa gigahezi 2.4 unapenya ukuta vizuri kuliko wa gigahezi 5, ule wa 5 una kasi ila ukikutana na zege unachoka mapema.

Kwetu juu haikubadilika kitu. Nikanunua ripita, kile kidude cha kuchomeka kwenye soketi kinachodaka waifai na kuirusha tena. Nikakichomeka kwa dada. Mistari ikajaa kwenye simu nikafurahi, nikapima, megabiti 3. Ripita za bei ya chini zina redio moja tu, sasa redio hiyohiyo ndo inasikiliza ruta na ndo inaongea na simu yako, haiwezi kufanya vyote kwa wakati mmoja, kwahiyo kasi inakatika karibu nusu hapohapo. Na nusu ya kitu kilichofika kimeshachoka ni kidogo sana. Mistari kwenye simu inakwambia ripita iko karibu, haikwambii ripita yenyewe inapata nini kutoka chini.

Rafiki yangu akaniazima vile vidude vya kupitisha intaneti kwenye nyaya za umeme, unachomeka kimoja chini na kimoja juu. Ni wazo zuri na kwenye nyumba nyingine vinafanya kazi vizuri sana, ila ghorofa yetu ya juu mzee aliiwekea mita yake ya LUKU zamani alipokuwa anapangisha, kwahiyo nyaya za juu na za chini zinakutana nje kwenye mita tu. Vile vidude havikuonana kabisa. Kama nyumba yako ina mita zaidi ya moja usinunue kabla hujaazima ukajaribu.

Ndo nikafika kwenye kitu ambacho ningeanza nacho, kuvuta waya.

Nilimwendea mzee jioni, nikamsalimia, nikamweleza kwamba nataka kupitisha waya kutoka kwenye ruta mpaka juu na kwamba njia fupi ni kutoboa slebu pembeni ya ngazi. Akaweka kikombe chini. "Hiyo slebu nimeimwagilia maji siku ishirini na moja kwa mikono yangu. Haitobolewi." Na yuko sahihi, sio kwa uchungu tu. Ukitoboa slebu bila kujua nondo zimepita wapi unaweza kukata nondo inayobeba uzito, na tundu likikaa vibaya maji yanaingia chuma kinaanza kuota kutu. Kiwanja hicho alikipata enzi za CDA, ile mamlaka ya kustawisha makao makuu, akajenga polepole kwa mshahara wa ualimu, kila tofali analijua. Akanyamaza kidogo afu akasema, "Mabomba ya maji yamepandaje juu? Mfuate aliyeyapandisha."

Nyuma ya bafu zetu tatu kuna uwazi mwembamba unaopanda kutoka chini mpaka juu, ndimo yalimo mabomba ya maji safi na ya vyoo, na kila ghorofa kuna kimlango kidogo cha fundi bomba. Fundi aliyeyafunga bado yupo Nkuhungu, akaja, akashusha kamba yenye nati nzito mwishoni kutoka kimlango cha juu, mi nikaidaka chini. Dakika kumi. Miezi yote ile ya ngazini na njia ilikuwepo.

Tukiwa tunasubiri nimalizie kupima urefu mzee alivuta kiti akaniuliza huu waya una nini cha ajabu. Nikamwambia mtandao wa namna hii, Etheneti, ulianza mwaka 1973 kwenye maabara ya Xerox huko Palo Alto, Marekani, wazo la Robert Metcalfe, akaujenga na mwenzake David Boggs ili kompyuta za jengo moja ziongee zenyewe kwa zenyewe na zitumie printa moja. Mzee akashtuka, 1973? Mwaka huohuo TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma na CDA ikaundwa, yeye akiwa kijana wa sekondari. Tukakaa tunaliongelea hilo mpaka chai ikapoa. Kilichonigusa mimi ni kwamba waya wao wa majaribio ulikuwa unakwenda karibu megabiti 3 kwa sekunde, mara tatu ya waifai niliyokuwa napata chumbani kwangu.

Sasa waya wenyewe. Nenda na kisu kidogo dukani. Omba wakukatie kipande, kwangua uzi mmoja ndani, ukiona wekundu mpaka katikati hiyo ni shaba tupu, ukiona weupe chini ya wekundu hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Ya aluminiamu ni rahisi bei ila inakatika ukiikunja na inapoteza nguvu kwenye umbali, na wauzaji wengine hawakwambii mpaka uulize. Nilichukua Cat6 ya shaba (hayo ni madaraja ya waya wa mtandao), ingawa hata Cat5e, daraja la chini yake, ingetosha kabisa kwasababu nayo inabeba gigabiti moja, yani megabiti elfu moja kwa sekunde, mpaka mita 100, na kutoka sebuleni mpaka chumbani kwangu ni mita 27 tu. Usipitishe kwenye bomba moja na nyaya za umeme. Tenganisha, kwa usalama kwanza, afu nyaya za umeme zinaleta kelele kwenye mtandao.

Ncha za waya nilizifunga vichwa vya plastiki mwenyewe kwa koleo la kukrimpu, la kubania vichwa hivyo, nililoazima. Ndani kuna nyuzi nane za rangi na ukishika kichwa vipini vya shaba vikiwa juu na waya ukiwa upande wako, kutoka kushoto zinakaa chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Watu wengi wanakosea pale katikati, wanaona kijani-nyeupe wanaiwekea kijani pembeni, hapana, bluu zinaingia katikati yao. Ncha zote mbili zifanane.

Nikachomeka, taa zikawaka, nikapima kasi kati ya laptopu yangu na kompyuta ya mzee chini, 94. Kwa intaneti ya megabiti 20 ile 94 ni zaidi ya kutosha na mtu mwingine angeishia hapo. Lakini waya ule unatakiwa kubeba gigabiti, na zile ruta na kompyuta zote zinaweza gigabiti, kwahiyo namba ya 94 ilikuwa inaniambia kitu. Etheneti ya megabiti 100 inatumia nyuzi nne tu kati ya zile nane, uzi wa 1, 2, 3 na 6. Gigabiti inataka zote nane. Ukiona umekwama kwenye mia wakati kila kifaa kina uwezo zaidi, kuna uzi kati ya zile nne nyingine haujagusa. Nikachukua testa, kile chenye taa nane zinazowaka kwa zamu, 1, 2, 3, 4, afu ya 5 ikarukwa. Bluu-nyeupe haikuwa imefika mwisho wa kichwa. Nikakata, nikafunga upya, taa nane zikawaka, kasi ikapanda zaidi ya 900. Nilipiga kelele mpaka mtoto wa dada akaamka.

Kwenye korido ya dada nimeweka swichi ya mtandao yenye matundu nane, (sio swichi ya taa, ukienda dukani sema ya mtandao maana watakuletea ya taa). Waya kutoka kwa ruta unaingia hapo, mmoja unatoka kwenda mezani kwa dada, mwingine unapanda kwetu. Laptopu ya dada ni ile nyembamba haina tundu la waya kabisa, tukanunua adapta ya yuesibii, na hapo angalia iandikwe USB 3 na gigabiti, zile za zamani zinaishia 100.

Juu nilikuwa na ruta ya zamani iliyokaa kabatini, nikaifanya iwe inarusha waifai tu kwa ajili ya simu. Hapa ndo panapowatesa wengi kwahiyo naenda taratibu. Ruta kila moja inajiona ndo bosi wa nyumba, inagawa anwani, yani namba ya kukitambulisha kifaa kwenye mtandao, kwa kila simu na kompyuta inayoingia. Ukiziweka mbili kwenye waya mmoja zikiwa zote zinagawa, kifaa kinachukua anwani kwa yule aliyewahi kujibu. Usiku wa kwanza niliunganisha nikalala, asubuhi mzee ana intaneti, mama hana, dada anayo kwenye laptopu na hana kwenye simu. Waliokosa walikuwa wamepewa anwani na ruta ya juu ambayo yenyewe haina faiba. Dawa yake, kabla hujaunganisha, ingia kwenye ruta ya pili, zima sehemu ya kugawa anwani, imeandikwa DHCP, mpe anwani yake ambayo haigongani na ya chini, kama ya chini ni 192.168.1.1 ya juu iwe 192.168.1.2, afu waya uchomeke kwenye moja ya yale matundu yanayofanana, sio lile la peke yake lenye rangi tofauti. Jina la waifai na nywila nimeweka sawa juu na chini ili simu ihame yenyewe mtu akipanda ngazi, ila chaneli nimezitenganisha, chini iko 1, juu iko 11, zisiingiliane.

Jambo ambalo sikulitarajia ni jinsi kompyuta zenyewe zilivyoanza kusaidiana. Printa ipo chini kwa mzee, zamani mdogo wangu anashuka na flashi usiku anawaamsha wazee, sasa anaprinti kutoka juu. Video ya harusi ya dada, gigabaiti 4, ilikuwa kwenye kompyuta ya mzee tu na tulikuwa tunaogopa diski itakufa nayo, nimeinakili juu kwa chini ya dakika moja, kwa ule waya wenye uzi mmoja mbovu ingekuwa dakika tano na kitu. Na hiyo haitumii intaneti hata kidogo, faili linatoka chumba kimoja kwenda kingine, hata faiba ikiwa imekatika barabarani. Kama kompyuta zenu hazionani kwenye Windows, angalia mtandao umeuambia ni wa umma au ni binafsi, ukiwa wa umma kompyuta inajificha kwa makusudi, na ndivyo inavyotakiwa ukiwa hotelini au stendi. Nyumbani weka binafsi.

Waya haujaongeza kifurushi. Bado ni megabiti 20 za watu sita, mdogo wangu akishusha gemu kikao cha dada kinatetereka, ingawa kikao cha video kinataka kama megabiti 3 au 4 tu. Tumekubaliana vitu vikubwa vishushwe baada ya saa nne usiku, na kwenye ruta nimeweka kikomo kwa kompyuta yake mchana. Alinuna siku mbili.

Umeme ukikatika tunaendelea. Kiboksi cha faiba na ruta vyote vinatumia volti 12, tumenunua kiyupiesi kidogo, kile chenye betri ndani, cha kuvibeba vyote viwili, soma kibandiko nyuma ya adapta kwanza kabla hujanunua. Na vumbi letu la Dodoma la kuanzia mwezi wa saba, upepo ukivuma kila kitu kinakuwa chekundu, matundu ya swichi yasiyotumika nimeyaziba kwa vifuniko vya plastiki na kila mwezi naipuliza.

Kigoda kimerudi jikoni. Dada amepata mteja mwingine, anafanya kikao mezani kwake mlango umefungwa.

Sasa mama ameniuliza, "Na kwangu je?" Ana kibanda cha cherehani nyuma ya uwanja, anataka kuangalia mishono kwenye tabuleti akiwa anashona badala ya kukimbia ndani kila mara. Waya wa kawaida wa ndani jua la hapa linaupasua ganda, na waya wa shaba ukitoka jengo moja kwenda jingine unakaribisha radi mpaka kwenye swichi na kompyuta zote, kwahiyo kwake nataka nipitishe faiba fupi ndani ya bomba la kufukia, kioo hakipitishi umeme, na vigeuzi viwili, kimoja kila upande, vya kuunganisha faiba na waya wa kawaida. Inabidi iwe imefukiwa kabla mvua za Desemba hazijaanza. Jana jioni tumepima kwa kamba, mama kashika ncha moja mlangoni kwa cherehani, mi nyingine kwenye dirisha la sebule. Mita 34.